Laptopu Kuukuu Isitupwe Bado: Jinsi ya Kuchagua Mfumo Mwepesi

Maneno haya yalisemwa mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Ganze. Tunayaandika hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa faida ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi, maana wengine wenu mmetoka Bamba, Vitengeni na Jaribuni, na gari la kurudi halingoji mtu.

Jambo nililopewa kusema ni hili. Vikundi vingi vina laptopu ya zamani. Moja ililetwa na mfadhili, nyingine ilinunuliwa mtumba Mombasa, nyingine aliiacha kijana wa mwanachama alipomaliza chuo. Siku za kwanza ilifanya kazi vizuri. Sasa ukiiwasha, waweza kwenda kuteka maji ukarudi, bado inazunguka tu. Mwishowe imefunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati. Halafu anatokea mtu anasema, "Hiyo imekufa. Changeni mnunue mpya."

Hebu tupige hesabu kabla ya kuchanga. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mtu anatoa shilingi 100 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 2,000. Mkitaka laptopu ya shilingi 40,000, hizo ni wiki 20 za michango, karibu miezi mitano, bila kumkopesha mtu hata senti. Katika miezi hiyo mitano kuna karo ya shule, kuna mtoto atakayeugua, kuna mbegu za kununua mvua ikikaribia. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 hatujausahau, jinsi mifugo ilivyokufa. Pesa za kikundi ni ngao. Tusizitoe mkononi kabla hatujajua kama kweli kile tulicho nacho kimekufa.

Nami nawaambia kwamba mara nyingi hakijafa. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Punda na madumu

Nyote mnamjua punda wa maji. Punda akibebeshwa madumu manne anatembea. Mwekee manane, atasimama au atalala chini. Hapo hutasema punda amekufa. Utapunguza madumu.

Laptopu ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna programu kuu ambayo huamka kwanza ukiwasha mashine, na ambayo hubeba programu nyingine zote: ya kuandika barua, ya hesabu, ya intaneti. Hiyo programu kuu huitwa mfumo wa uendeshaji. Mimi nitaiita mfumo. Windows ni mfumo. Android iliyo kwenye simu zenu ni mfumo. Mashine iliyotengenezwa mwaka 2010 ilipimiwa mzigo wa mwaka 2010. Ukiiwekea mfumo wa miaka ya karibuni, umeipa madumu manane.

Tena kuna jambo la usalama. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Waliobaki na matengenezo ni wale tu waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Mashine haizimiki siku hiyo, lakini ni kama nyumba ambayo kitasa chake kikiharibika hakuna fundi wa kukirekebisha. Windows 11 iliyofuata inadai mashine yenye nguvu zaidi, na laptopu nyingi za kabla ya mwaka 2018 haizikubali.

Wengine watasema: kuna fundi mjini anaweza kutuwekea Windows ya kunakili, bila leseni, kwa bei ndogo. Ndugu zangu, kwanza hicho si chetu, na kikundi kinachowafundisha watoto uaminifu hakiwezi kuweka vitabu vyake ndani ya kitu cha wizi. Pili, programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi. Tatu, hata ikiwa safi, uzito wake ni ule ule. Punda bado ana madumu manane.

Linux ni nini

Kuna mfumo mwingine unaoitwa Linux. Ulianzishwa mwaka 1991 na kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds. Aliutoa bure, na akaruhusu kila mtu aufungue, aurekebishe na amgawie jirani. Tangu hapo maelfu ya watu duniani wameujenga pamoja. Hapa kwetu tungesema ni harambee. Na msiogope jina, maana hata Android iliyo kwenye simu zenu imejengwa juu ya kiini cha Linux. Mmekuwa mkiitumia siku nyingi bila kujua.

Afrika pia imo. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Linux inayoitwa Ubuntu, yaani utu. Mwaka huo huo wa 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Mrithi wa OpenOffice anayetumika sana leo ni LibreOffice, na mpaka sasa unaweza kuiwekea Kiswahili, ingawa si kila neno limetafsiriwa. Ndani yake mna programu ya kuandika barua na mihtasari, na programu ya majedwali ya hesabu. Mweka hazina hahitaji zaidi ya hapo.

Sasa, Linux ziko za namna nyingi, kama mahindi yalivyo na mbegu nyingi. Mkulima wa Ganze hachagui mbegu kwa uzuri wa picha iliyo kwenye pakiti. Anauliza: mvua yangu ni kiasi gani? Udongo wangu ni upi? Sisi nasi tutauliza maswali matatu.

Swali la kwanza: mashine yetu ina nguvu kiasi gani?

Tazameni vitu viwili. Kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Hiyo ni kama meza ya kufanyia kazi: meza ikiwa ndogo huwezi kutandaza vitabu vingi. Hupimwa kwa gigabaiti, yaani GB. Pili ni kama mashine ni ya biti 64 au ya biti 32. Nyingi za tangu mwaka 2010 ni za biti 64. Za zamani zaidi, na zile ndogo ndogo za miaka ya 2008 na 2009, baadhi ni za biti 32.

Kama Windows bado inawaka, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni msinfo32, kisha bonyezeni Enter. Patatokea orodha. Tafuteni RAM ni ngapi, na kama kuna maneno x64 au x86. Ikisema x64, ni biti 64, mambo yamekwisha. Ikisema x86, msikate tamaa. Pengine ni Windows tu iliyowekwa ya biti 32. Ijaribuni kwa flashi ya biti 64 nitakayoieleza. Kama haiwezi, yenyewe itakataa.

Mkishajua, chagueni hivi:

RAM ya GB 4 au zaidi, biti 64: wekeni Linux Mint, ile iitwayo Xfce. Sura yake inafanana na Windows ya zamani, na mtu aliyezoea Windows hapotei njia. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa kutunzwa hadi mwaka 2029.

RAM ya GB 2, biti 64: wekeni MX Linux au Lubuntu. Hizi ni nyepesi zaidi, lakini zina vitu vyote vya ofisi.

RAM ya GB 1, au mashine ya biti 32: tafuteni antiX. Sura yake si ya kupendeza macho, lakini ni nyepesi sana, na toleo lake la 23 lina la biti 32. Hapa niseme wazi: njia ya biti 32 inazidi kuwa nyembamba. Debian, ambayo ni mama wa Linux nyingi hizi, ilipotoa toleo lake la 13 mwezi wa Agosti 2025 iliacha kutengeneza mfumo wa kuweka kwenye mashine hizo. Kwa hiyo mashine ya biti 32 ifanyeni ya kuandikia na kuweka hesabu tu, bila intaneti. Kwa kazi hiyo itawasaidia bado.

Diski imekufa kabisa, lakini mashine inawaka: kuna Puppy Linux, iliyoanzishwa Australia mwaka 2003. Inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi na kukaa yote ndani ya RAM.

Swali la pili: kazi yetu ni ipi?

Andikeni kazi za kikundi kwenye karatasi. Mihtasari ya mikutano. Orodha ya wanachama. Hesabu za kuweka na kukopa. Barua kwa chifu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Kufungua taarifa ya M-Pesa iliyotumwa kwa barua pepe. Hizo zote Linux nyepesi inazifanya.

Lakini kama kazi yenu kubwa ni mikutano ya video, au mna programu maalum ya mfadhili ambayo inakubali Windows peke yake, laptopu ya GB 2 haitawafaa, hata muiwekee mfumo gani. Ni heri kujua leo kuliko kesho.

Jihadharini pia na intaneti. Mfumo unaweza kuwa mwepesi, lakini kurasa za intaneti za siku hizi ni nzito. Ukiwa na GB 2, fungua ukurasa mmoja, umalize, uufunge, kisha ufungue mwingine. Ukifungua kumi kwa pamoja, punda atalala tena, na utaanza kulaumu Linux bure.

Kuna na mfumo wa bure wa Google uitwao ChromeOS Flex, wa mashine za GB 4. Ni mzuri mahali penye mtandao wa siku zote, maana kazi zake nyingi hutegemea intaneti. Kwa kijiji ambacho mtandao unapatikana ukipanda kilimani, siushauri.

Swali la tatu: nani atatusaidia ikileta shida?

Swali hili watu hulisahau, nalo ndilo kubwa. Mfumo mzuri kuliko yote ni ule ambao jirani yako anaujua. Kama kikundi cha Vitengeni kimeweka Linux Mint na kijana wao ameielewa, na mashine yenu inaiweza, wekeni hiyo hiyo. Mkipata tatizo mtatembeleana. Vikundi kumi vyenye mifumo kumi, kila kimoja kitalia peke yake.

Jinsi ya kufanya

Kwanza, okoeni vitu vyenu. Kuweka mfumo mpya ni kama kufyeka shamba: kila kilichosimama kinaondoka. Nakilini picha, barua na hesabu kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa nyumba nyingine. Kisha zifungueni kwenye kompyuta nyingine, mhakikishe zinafunguka.

Pili, safisheni mashine. Mnajua vumbi letu. Feni ikiziba, laptopu hupata joto na kupunguza mwendo yenyewe. Fundi aifungue na kuipangusa. Na kama betri imevimba, msiitoboe wala kuichoma. Itolewe. Mashine nyingi hufanya kazi kwa chaja peke yake.

Tatu, pakueni mfumo kutoka kwa tovuti yake wenyewe, si kwa mahali pengine popote. Faili huwa na ukubwa wa kama GB 2 au 3. Kwa bando za simu hiyo ni gharama, kwa hiyo fanyeni umoja: kikundi kimoja kipakue mahali penye waifai, wengine wanakili. Hiyo si wizi. Leseni ya Linux inaruhusu. Flashi ya GB 8 inatosha. Faili huandikwa kwenye flashi kwa programu ndogo kama Rufus, maana kuinakili hivi hivi hakuifanyi iwake.

Nne, chomekeni flashi, washeni laptopu, na papo hapo bonyezeni F12. Mashine nyingine hutaka F9, Esc au F2. Chagueni iwake kutoka kwenye flashi. Hapa ndipo penye uzuri wa Linux: itawaka yote bila kugusa diski yenu. Mwaweza kuijaribu siku nzima. Jaribuni herufi zote, sauti, waifai na printa ile mnayoitumia. Waifai ikikataa, jaribuni kuunganisha simu kwa waya wake wa USB na kugawa mtandao. Mara nyingi hukubali. Mkiona haifai, zimeni, ng'oeni flashi, na mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Tano, mkiridhika, ndipo muiweke kwenye diski. Hakikisheni stima ipo au betri ya sola imejaa, maana ikikatika katikati mtaanza upya.

Na kama inasuasua bado? Sikilizeni diski. Ikigonga ko-ko-ko, inakufa. Ibadilisheni na ya aina mpya, ile ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Mara nyingi badiliko hilo huongeza mwendo kuliko jambo lingine lolote. Ulizeni bei kwa maduka mawili au matatu, kisha mlinganishe na mashine nzima. Lakini ikiwa ubao mkuu umeungua, au kioo kimepasuka na diski imekufa pamoja, hapo mashine imemaliza kazi yake. Isitupwe shimoni wala kuchomwa, kwa sababu ndani mna sumu. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea vyombo vya umeme vilivyochakaa. Vikundi vikikusanya pamoja, ni rahisi kuvisafirisha.

Mali bila daftari

Nimalizie na jambo la watu, si la mashine.

Mnaijua methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo ofisi ya maendeleo ya jamii, benki na mfadhili wote wanauliza kitu kile kile: wanachama ni nani, mlikutana lini, pesa zimekwenda wapi. Kikundi kisicho na majibu hurudishwa nyuma ya foleni, hata kama kina watu waaminifu.

Laptopu hii ikifufuka, isiwe ya mtu mmoja. Tumeona mara ngapi? Kijana mmoja ndiye anayejua neno la siri. Kijana anapata kazi Mombasa. Basi vitabu vyote vya kikundi vimekwenda Mombasa pamoja naye, ingawa mashine iko hapa. Mama aliyechanga miaka mitatu hawezi kuonyesha hata shilingi yake moja. Kwa hiyo wafundisheni watu wawili au watatu, na mmoja wao awe mama mtu mzima. Msiseme hawezi. Aliyejifunza M-Pesa atajifunza na hili. Neno la siri liandikwe, litiwe ndani ya bahasha, lifungwe, lihifadhiwe na mwenyekiti.

Na daftari la karatasi msilichome. Kila mwisho wa mwezi, hesabu iliyo kwenye laptopu na iliyo kwenye daftari zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama. Zikilingana, piga makofi. Zisipolingana, msiondoke mpaka mjue kwa nini. Mfumo mwepesi utaifanya mashine iende mbio, lakini uaminifu hauwekwi kwa flashi.

Basi, mkirudi nyumbani, iteremsheni ile laptopu kutoka kabatini. Kabla ya kuchanga hata shilingi moja, ipimeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Laptopu yetu ina RAM ya GB ngapi? Ni ya biti 64 au 32? Nani ataangalia, na lini?

2. Andikeni kazi tano ambazo kikundi kinahitaji kompyuta. Ni ngapi kati yake zinahitaji intaneti?

3. Ni kikundi gani cha karibu kimekwisha kutumia Linux? Tunaweza kuwatembelea?

4. Ni watu gani wawili au watatu watakaojifunza? Kuna mwanamke kati yao?

5. Mwenye kujua neno la siri akihama leo, kesho tutasoma vitabu vyetu kwa njia gani?